FUNDI WA NYUMBANI: Taa za Jua Zikififia, Usiuze Mbuzi Kwanza



Mama mmoja atuuliza hivi: Taa zao za umeme wa jua zilikuwa zikiwaka vizuri hata baada ya Rozari ya jioni. Siku hizi zafifia kabla watoto hawajamaliza masomo. Baba ataka kuuza mbuzi anunue betri mpya. Je, ni shauri jema?

Mama, mwombe baba angoje siku chache. Mara nyingi betri husingiziwa kosa la mwingine. Fuateni njia ya umeme tangu juani hadi kwenye taa, kama mtu afuatavyo mfereji akitafuta mahali panapovuja.

Kwanza, tazameni paneli iliyo juu ya paa. Labda ina vumbi au mavi ya ndege, au mwembe umekua na kuitia kivuli. Hata kivuli cha tawi moja hupunguza umeme sana. Ifuteni asubuhi kwa maji safi na kitambaa laini, na tawi likatwe.

Pili, betri yenyewe. Kabla ya kuigusa, vua pete, saa na mkufu wa medali, maana chuma kikiunganisha vichwa vyake viwili huunguza vibaya. Tena usilete moto wala sigara karibu: betri inapojazwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Je, vichwa vina kutu nyeupe au ya kijani? Hapo umeme haupiti vema. Ngojeni jua litue, zimeni taa zote, kisha fungueni waya wa kutoa (−) kwanza, halafu wa kujumlisha (+). Safisheni kwa maji yenye magadi, yasiingie ndani ya betri. Kausheni, mkaze nati barabara, mkianza na waya wa kujumlisha, kisha pakeni grisi.

Kama betri ni ya kuongezwa maji, fungueni vifuniko. Bamba zikionekana kavu, tieni maji ya betri yanayouzwa dukani mpaka zifunikwe. Maji ya kisima yana chumvi, yataiharibu. Tindikali msiongeze kamwe. Ikimrukia mtu machoni, mwosheni kwa maji mengi na kumpeleka zahanati upesi.

Tatu, fyuzi. Ikiwa imekatika, wekeni nyingine ya kipimo kile kile. Kuna watu wafungao kipande cha waya mahali pake. Hao wameondoa mlinzi mlangoni, na nyumba yaweza kuungua.

Nne, azimeni mita. Pimeni alfajiri, taa zote zikiwa zimezimwa tangu usiku. Volti 12.6 au zaidi, betri imejaa. Volti 12.2, imebaki nusu hivi. Chini ya 12, ina njaa, na kuiacha na njaa kila siku ndiko kunakoiua.

Mwisho, hesabuni matumizi. Betri ya volti 12 na saa-ampea 50 ina wati-saa 600, lakini yafaa kutumia nusu tu, yaani 300. Taa nne za wati 5 kwa saa 5 zala 100. Televisheni ya wati 50 kwa saa hizo hizo yala 250. Jumla 350! Hapo betri haina kosa. Ni kama ghala: mkila kuliko mnavyovuna, hata ghala jipya litakauka. Mama, je, televisheni ilikuja lini nyumbani?

Yote yakiwa sawa, acheni betri ijae siku mbili tatu bila kuitumia. Ikijaa, kisha ikaishiwa upesi kwa taa moja tu, basi imezeeka, na mbuzi auzwe. Lakini betri ya zamani msiivunje wala kuitupa shambani, kwa sababu risasi iliyomo ni sumu kwa watoto. Irudisheni kwa muuzaji.

Onyo moja: mwenye kifaa cha kugeuza umeme uwe wa volti 230 asikifungue. Betri ya volti 12 haikurushi, lakini huo huua. Mwiteni fundi.

Baba asione haya kuanza na kitambaa na magadi. Vyote viwili ni rahisi kuliko mbuzi.

Wenu, Fundi wa Nyumbani