Bonsai yako haifi kwa kiu

Wasomaji kadhaa waishio kwenye nyumba za ghorofa jijini Nairobi wameuliza ni kwa nini miti yao ya bonsai hufa baada ya miezi michache, ilhali huimwagilia maji kila asubuhi bila kukosa. Kabla ya kulaumu jua au aliyekuuzia, hebu ng'oa mti uliokufa uinuse mizizi. Ikiwa ni myeusi, imelainika na inanuka uvundo, basi mti huo haukufa kwa kiu. Ulizama.

Bonsai, kwa wasioijua, ni mti wa kawaida uliokuzwa katika chombo kifupi na kupunguzwa matawi na mizizi hadi ukaonekana mzee. Sanaa hii ilitoka Uchina na Wajapani wakaiendeleza. Hakuna mbegu maalumu, na anayekuuzia "mbegu za bonsai" anakuchezea shere.

Mizizi hunywa, lakini pia hupumua. Tazama mugumo ulioota kwenye ufa wa ukuta au mfereji wa paa. Hauna udongo hata wa kujaza kikombe, lakini unanawiri kwa kuwa una hewa tele.

Udongo wa shambani ukiwa ardhini maji huteremka mbali. Ukiutia chunguni, maji hukwama chini na kufanya tabaka lililolowa chapachapa. Kimo cha tabaka hilo hutegemea udongo wenyewe, si urefu wa chungu. Kwa hivyo katika ndoo mizizi hupata pa kukimbilia, lakini katika sahani ya bonsai yenye kina cha sentimita 5, huenda udongo wote ukawa kinamasi. Udongo mwekundu wa Kiambu, mzuri ajabu kwa sukumawiki, hushikamana humo kama tofali. Ule mweusi wa Embakasi na Athi River ni mbaya zaidi, kwani hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, ukikata vijizizi. Na ile desturi ya kutandaza kokoto chini ya chungu haisaidii. Huyapandisha tu maji yaliyokwama karibu na mizizi.

Dawa ni chembe kubwa kubwa. Wajapani hutumia akadama, udongo wao mgumu wa chembechembe, ambao kuuagiza huku ni gharama ya bure. Sisi tuna yale mawe mepesi ya volkeno yenye vitundu, ya kusugulia visigino, ambayo hupatikana sehemu za Naivasha na Longonot. Yaponde, uchanganye makopo mawili ya mawe hayo, kopo moja la matofali ya kuchoma yaliyopondwa, na kopo moja la mboji iliyooza kabisa. Chembe isizidi punje ya hindi wala isipungue ya wimbi. Chekecha kisha utupe vumbi lote. Wengi huona uchungu kulitupa, na hilo vumbi ndilo huziba njia za hewa. Mchanga wa mto ni laini mno, na wa pwani una chumvi.

Mwagia maji uone: yanapaswa kupita na kutoka chini mara moja, si kusimama juu kama kidimbwi.

Mchanganyiko huu una gharama yake. Hukauka upesi, kwa hivyo Januari na Februari huenda ukamwagilia mara mbili kwa siku, na ukienda mashambani Krismasi sharti umwachie jirani kazi hiyo. Hauna chakula kingi pia, basi tia mbolea kidogo kidogo mti unapokua. Waridi la jangwani lipunguzie mboji hadi nusu kopo.

Hata udongo mzuri huchakaa. Kuna msonobari wa Yamaki, uliolelewa chunguni tangu 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945 na kupewa Marekani kama zawadi mwaka 1976. Mti hauishi hivyo bila kubadilishiwa udongo mara kwa mara.

Mugumo wako ubadilishie kila baada ya miaka miwili hivi, mvua ya masika inapoanza. Punguza thuluthi moja ya mizizi, ziba matundu ya chungu kwa kipande cha wavu wa dirisha, funga shina kwa waya lisiyumbe, kisha uuweke kivulini kwa wiki mbili.