UNAKAMATWA KWA KOSA GANI? ULIZA!

Ndugu msomaji, mpiga debe wa stendi ya Korogwe, kijana wa bodaboda Handeni, muuza maji wa Segera: kuna shitaka moja limegeuzwa kapu la taka. Askari akikukamata halafu akakosa la kukushitaki, anakutupia humo: “Alimzuia askari kufanya kazi yake.” Kidhibiti hakuna, mlalamikaji hakuna, lakini wewe uko mahabusu na ndugu zako wanahaha kutafuta “ya chai”.

Tuambizane ukweli. Kosa hilo lipo. Kwa Kanuni ya Adhabu, anayempiga polisi au kumzuia makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5. Lakini kuna maneno wakubwa hawapendi uyasome: polisi huyo awe anatekeleza wajibu wake ipasavyo. Anayekukamata ili umpe hela anatekeleza wajibu gani? Njaa yake si sheria.

Haya hayakutungwa na wapinzani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 ilipitishwa na Bunge la chama kimoja. Inamtaka anayekukamata akwambie kosa lako palepale, isipokuwa kama kosa lenyewe liko wazi au umemfanya ashindwe kukwambia. Inakataza pia kutumia nguvu kupita kiasi.

Hata Uskoti ya kale, chini ya wafalme, tarishi wa sheria alionyesha nembo yake kabla ya kumgusa mtu. Alibeba fimbo ya amani, na akizuiwa aliivunja kuwa ishara kwamba sheria imepingwa. Asiyejitambulisha hakuweza kulalamika kwamba amezuiwa kazi. Sisi ni jamhuri, lakini mgambo asiye na sare wala kitambulisho anakukunja shati, na ukiuliza “kwani nimefanya nini?” unaitwa mkaidi!

Ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, vijana walizolewa mitaani kwa kuitwa wazururaji. Wazee wetu walikimbizana na mgambo wa kodi ya maendeleo. Kodi hiyo ilifutwa 2003. Tabia ya kukimbiza walalahoi haikufutwa.

Sasa kijana, sikiliza vizuri. Usirushe ngumi. Ukirusha umempa shitaka alilokuwa analitafuta. Usikimbie pia. Simama, uliza kwa sauti ambayo wenzako wataisikia: Wewe ni nani? Nimekosa nini? Unanipeleka kituo gani? Shika namba yake na saa. Nanyi mlio kijiweni msitawanyike kama kuku walioona mwewe, kwani ninyi ndio mashahidi.

Ukifikishwa kortini, muulize askari swali moja tu mbele ya hakimu: nilipokuzuia, ulikuwa unafanya kazi gani ya sheria? Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashitaka, si wako. Akibaki anatafuna maneno, shitaka halina miguu.

Kuuliza si ukaidi. Mwenye kazi halali hujibu. Anayekasirika kuulizwa, jueni ana lake jambo.