Mwenye GPS Siyo Lazima Awe Kiongozi

Ukitaja uongozi hapa Dar, wengi wanaangalia Magogoni, kwenye geti la Ikulu. Mwezi huu nakupeleka Tandale.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora ramani ya Tandale. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Ardhi na UDSM, wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, wakaingia kata zinazofurika. Msomi ana GPS mkononi, sawa. Lakini maji yalifika wapi? Mfereji upi umeziba? Anayejua ni mama aliyehamisha magodoro usiku. Bila shikamoo na subira, ramani haitoki.

Hapo ndipo kiongozi anapimwa. Je, unamuuliza asiye na cheti? Unamwacha amalize? Jibu lake likipingana na lako, unaliandika au unaliruka?

Sasa rudi nyumbani kwako. Mwenye mshahara mnono kashika GPS tu. Kabla hujaamua kuhama au kukopa benki, muulize mwenzio: kwake maji yako magotini au shingoni?

Akijibu, usibishe. Andika kwanza.