Daraja la mianzi, na swali nililouliza vibaya



Mama mmoja wa kikundi chetu cha Bulengera aliniomba niandike juu ya michezo ya likizo kubwa isiyodai pesa nyingi. "Mama Mwalimu," akaniambia, "watoto wamekaa nyumbani mwezi mmoja tu na wamekwisha kuvunja kila kitu." Nilicheka, maana kwangu pia vitu vilivunjika. Leo nawaeleza kimoja: namna kilivyojengwa, namna kilivyoanguka, na kosa nililolifanya mimi kilipoanguka.

Nyumbani kwetu kuna mfereji wa maji ya mvua unaopita kati ya jiko na shamba la maharagwe. Upana wake ni kama mita moja. Watoto watatu hucheza hapo: binti yangu wa miaka 11, mdogo wake wa miaka 8, na mtoto wa dada yangu wa miaka 10, ambaye alifika kwetu kutoka upande wa Oicha familia yake ilipokimbia vita. Magari yao ni yale tunayoyajua wote, ya mikebe na nyaya, na magurudumu yamekatwa katika kandambili kuukuu. Kisha mtoto wa jirani akaja na lori la telekomande ambalo baba yake alilinunua Kampala. Lori lile linapanda mlima, linarudi nyuma, linawasha taa. Jambo moja tu lililishinda: kuvuka mfereji wetu.

Walikuja kuchukua ubao wa kitanda, nikakataa. "Jengeni daraja kwa mianzi," nikawaambia, nikidhani nimewanyamazisha. Dakika kumi baadaye binti yangu akarudi. Mianzi iliyobaki baada ya kutengeneza ua ilikuwa vipande vifupi, na nguzo haiwezi kusimama katikati ya mfereji kwa sababu maji yataibeba. Wafanye nini?

Hapo nikakumbuka daraja la Matadi, juu ya mto Kongo, lililofunguliwa mwaka 1983. Sehemu yake ya katikati ina mita 520 bila nguzo hata moja chini yake. Barabara inaning'inia katika nyaya kubwa zinazopita juu ya minara miwili. Kwa miaka mingi halikuwako Afrika daraja la kuning'inia lenye sehemu ya katikati ndefu kuliko hiyo, mpaka mwaka 2018 lilipofunguliwa lile la Maputo, Msumbiji, lenye mita 680. Niliwachorea picha ardhini kwa kijiti, nikarudi kwenye sufuria yangu.

Wakitaka kujenga watoto wenu pia, kazi inakwenda hivi.

Kwanza, minara. Kila upande wa mfereji simamisheni mianzi miwili ya sentimita 60, sentimita 15 ziwe ndani ya udongo. Iungeni kwa vijiti viwili vya kukingama. Pili, kamba kubwa. Chukueni kamba mbili za nailoni, zile za kuanikia nguo. Kila moja ipite juu ya mnara wa huku na mnara wa huku, ilegee kidogo katikati, kama sentimita 12 chini ya vichwa vya minara. Ncha zake zifungwe kwenye vigingi nyuma ya minara, kila kigingi mbali sentimita 40 au zaidi. Tatu, kamba ndogo. Zishushwe kutoka kamba kubwa kila baada ya sentimita 10. Zilizo karibu na minara ni ndefu, za katikati ni fupi, ili njia ikae sawa. Nne, njia yenyewe. Pasueni mwanzi kuwa fito nyembamba, mzipange kwa kukingama juu ya fito mbili ndefu, mzifunge moja moja, kisha muifunge njia kwenye kamba ndogo.

Mama, kazi ya panga ni yako au ya kaka mkubwa. Mwanzi uliopasuliwa unakata kama wembe, kwa hiyo sugua kingo kwa jiwe kabla ya kuwapa watoto. Mafundo waachie wao. Wangu walifunga, wakafungua, wakafunga tena siku mbili nzima, na hapo binti yangu alijifunza kupima kwa sentimita kuliko alivyojifunza mwaka mzima darasani.

Daraja likasimama. Gari la mkebe likapita mara ishirini. Usiku huo mvua ikanyesha, na kesho yake, nilipokuwa kwenye mkutano wa likelemba, wakaleta lori la telekomande.

Niliporudi nilikuta beseni limefunikwa kitambaa. Ndani yake, lori la mtoto wa watu, linatoka maji na matope.

"Ni nani aliyefanya hivi?"

Kimya. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyekuwa ameshika telekomande. Basi nilimwangukia yeye. Nilimgombeza mbele ya wote, na nikasema neno ambalo hata leo linanichoma: "Kwenu hamkufundishwa kuchunga vitu vya watu?"

Hakulia. Hakujibu. Usiku binti yangu akaja chumbani kwangu. "Mama, amekunja nguo zake zote. Ameziweka katika mfuko ule aliokuja nao. Ananiuliza kama utamrudisha kesho."

Wamama, wengi wetu tunalea watoto namna hii, huku Butembo na kule Beni pia. Tunawapa chakula, tunawatafutia nafasi shuleni, na tunasema ni wetu. Lakini kitu kikivunjika nyumbani na tukaanza kutafuta "nani", swali linaenda lenyewe kwa mtoto asiye na mama wa kumtetea pale. Mimi niliyesomea kufundisha, nililiona hilo kwangu baada ya kulitenda.

Asubuhi binti yangu alinishika mkono hadi kwenye mfereji. "Angalia, mama. Kamba haikukatika. Mianzi haikuvunjika. Ni kigingi hiki kiling'oka." Kweli. Kamba zilikuwa nzima na mafundo yote yalikuwa yamefungwa. Kigingi kimoja cha nyuma kilikuwa kimelala juu ya udongo uliolowa. Katika daraja la namna hii, mnara unasukumwa chini na mzigo, lakini kigingi kinavutwa, na lori la karibu kilo moja linavuta zaidi sana kuliko gari la mkebe. Kigingi kile kilipigwa wima, tena si kwa kina.

Vigingi vyote vinne nilivipiga mimi mwenyewe, kwa haraka, sufuria ikiwa motoni.

Nikakumbuka habari ambayo huwaeleza wanafunzi wangu. Tarehe 15 Desemba 1967, huko Marekani, daraja la kuning'inia lililoitwa Silver Bridge lilianguka katika mto Ohio likiwa limejaa magari ya watu waliotoka kazini. Watu 46 walikufa. Wachunguzi walitoa vyuma majini, wakavipanga upya, wakatafuta mahali kuvunjika kulikoanzia. Walikuta ufa katika chuma kimoja, wenye kina cha milimita mbili na nusu hivi. Baada ya hapo nchi ile iliweka sheria ya kukagua madaraja yake kila baada ya muda. Wangeishia kumlaumu dereva wa lori fulani, ufa wa namna hiyo ungebaki kujificha katika madaraja mengine.

Siku hizi najaribu kuuliza "Kilianzia wapi?" kabla ya kuuliza "Ni nani?" Sahani ikipasuka, naangalia kwanza ilikuwa imewekwa wapi. Mtoto akileta pointi mbaya za hesabu, tunafungua daftari pamoja na kutafuta ukurasa alipoanza kupotea. Na katika vikundi vyetu, pesa za kisanduku zikipungua, tufungue daftari tutafute ni juma gani hesabu ilianza kukataa, kabla ya kumtazama mama fulani kwa jicho baya. Huenda mwishoni tukampata mtu mwenye kosa, na huyo lazima aambiwe. Lakini tutakuwa tumemfikia kwa njia ya ukweli.

Yule mtoto nilimwomba msamaha mbele ya wenzake, kwa sababu nilimgombeza mbele ya wenzake. Kuna wamama watakaosema mtu mkubwa haombi mtoto msamaha, heshima itapotea. Mimi niliogopa hilo pia. Alinisikiliza akiangalia chini, kisha akaniuliza: "Mama mdogo, tukipiga kigingi kikiwa kimelala upande wa nyuma, hakitang'oka?" Ndivyo nilivyojua amenisamehe.

Kisha tulikwenda kwa jirani, mimi na watoto wote watatu, na lori mikononi. Nilisema kigingi kilikuwa changu. Fundi wa redio alilifungua, akalikausha, akasafisha nyaya. Malipo niliyatoa mimi. Linatembea, ila taa moja haiwaki tena.

Daraja tulilijenga upya. Vigingi ni virefu zaidi, vimeingia sentimita 30, vichwa vyake vimeinamia mbali na mfereji, na mbele ya kila kimoja, upande wa daraja, tumefukia jiwe. Kabla ya lori kupita tuliweka katikati ya njia pakiti nne za chumvi za nusu kilo, maana yake mara mbili ya uzito wa lori, tukaziacha tangu asubuhi hadi saa sita. Nanyi fanyeni hivyo, hasa baada ya mvua.

Mtoto wa jirani ndiye aliyesema nani aendeshe kwanza. Alimpa telekomande mtoto wa dada yangu. Lori likapita polepole na taa yake moja, na nyuma yake mdogo wa binti yangu akasimamisha kibao cha katoni alichokiandika mwenyewe: "KILO 1 TU. UKIZIDISHA UTARUDI."

Mkijenga lenu, tuleteeni habari zake kwenye mkutano, hata kama lilianguka.