MAONI: Mkebe wa sarafu za utotoni si takataka, wala si tiketi ya utajiri

KAMA una simu na bando, huenda umekutana na tangazo hili mtandaoni: “Una sarafu ya Sh40 yenye picha ya Kibaki? Tunanunua kwa Sh120,000. Tuma picha sasa.” Chini yake wamejaa watu wanaouliza, “Niko nayo, nifanye aje?”

Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliuliza nifanye aje, nikaambiwa, nikafanya, nikaliwa Sh1,500.

Nitaeleza nilivyoliwa. Lakini kwanza nieleze sarafu hiyo niliipata wapi, kwa sababu kosa langu kubwa halikuwa kumwamini tapeli. Kosa langu lilikuwa kusahau kwa nini niliiweka.

Ilikuwa Desemba 2003, nikiwa na miaka tisa. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imetoa sarafu ya Sh40 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ikiwa na sura ya Rais Mwai Kibaki. Baba alirudi jioni kutoka kazini, akatoa moja mfukoni na kunitia kiganjani.

“Hii usinunulie peremende,” akasema. “Weka.”

Hakuniambia niweke wapi wala niweke hadi lini. Nililala nayo chini ya mto usiku mbili. Siku ya tatu nikaipeleka kwa shosho, nyanya yangu mzaa baba, ambaye tuliishi naye ploti moja kule Eastlands.

Shosho aliigeuzageuza, akacheka, akaingia ndani na kurudi na mkebe wa mafuta ya kupikia uliokuwa umeanza kushika kutu. Akaumwaga juu ya kitanda. Sikuwa nimewahi kuona pesa kama zile. Nyingine zilikuwa na tundu katikati, na kando ya tundu pembe za ndovu. Akaniambia zamani watu walizitunga kwenye uzi kama shanga ili zisipotee.

“Hii ni ndururu,” akaniambia akishika senti tano. “Hii ni sumuni,” akashika senti hamsini. “Ukipata nyingine ambayo haiko humu, leta.”

Basi. Hivyo ndivyo uraibu wangu ulivyoanza. Hakukuwa na kitabu, hakukuwa na albamu, na hakuna aliyesema kuna siku tutatajirika. Kulikuwa na mkebe, na mtu mzima aliyesema leta.

Tangu siku hiyo, kutumwa dukani kulinifurahisha. Nilikuwa nikirudi na chenji nikiisoma kama gazeti. Wenzangu waliita sarafu zao kobole, ashu na mbao, wakazipeleka moja kwa moja kwa chipsi. Mimi nilitazama mwaka kwanza.

Na mwaka una mengi. Niligundua sarafu za kwanza za Kenya zina mwaka wa 1966, mwaka ambao Benki Kuu ilianzishwa. Kabla ya hapo tulitumia pesa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki pamoja na majirani zetu, na ndiyo maana zile zenye tundu ziliandikwa “East Africa” badala ya Kenya. Niligundua tuliwahi kuwa na senti 25 na shilingi mbili, zote na sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na zote zikatoweka. Kuanzia 1980 sura ikawa ya Rais Daniel arap Moi. Kobole ya 1985 ilikuwa na pande saba. Miaka ya tisini zikaja za rangi mbili, na 1998 ikafika mbao ya sarafu. Mwaka wa 2005 Mzee Kenyatta akarudi.

Kabla mwalimu hajafika sura hiyo ya kitabu, nilikuwa tayari nimeishika mkononi.

Nikaingia sekondari na mambo yakabadilika. Ukiwa Kidato cha Pili hutaki kujulikana kama mtu wa kuhesabu sarafu kuukuu. Mkebe ukaingia chini ya kitanda. Kuna likizo nilichota mbao kadhaa za Moi nikaenda kula chipsi, na wala sikujisikia vibaya. Shosho alijua. Alichouliza tu ni, “Zimebaki ngapi?”

Shosho alituacha 2016. Mkebe ukabaki kwangu, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

Sasa tufike kwa tapeli. Miaka michache baadaye nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nimesota vibaya, na mwenye nyumba alikuwa ananisalimia kwa sauti ambayo si ya salamu. Nikaona lile tangazo. Nikakumbuka mkebe. Nikahesabu: Sh120,000 ni kodi ya mwaka mzima na chenji inabaki.

Nilifanya makosa mawili kwa jioni moja. La kwanza, niliona sarafu ya baba imefifia, nikaamua kuipamba kwa picha. Nikaisugua kwa ndimu, jivu na waya ya kuoshea sufuria mpaka ikang’aa kama kijiko kipya. La pili, mnunuzi aliponiambia kuna ada ya usajili ya Sh1,500, nilikopa kwa rafiki na kutuma. Alipopokea akasema kuna ushuru wa Sh4,000. Nilipouliza kwa nini asikate kwenye zile Sh120,000 zangu, akanibloku.

Wiki iliyofuata nilimtafuta mkusanyaji wa kweli, mzee mmoja wa makamo anayejulikana na wenzake hapa jijini. Niliogopa kumwonyesha. Aliishika ile Sh40 kwa ukingo, akaitazama kidogo tu, akairudisha.

“Umeiosha,” akasema. “Sarafu ikisuguliwa hivi, kwa mkusanyaji imekufa. Na hata usingeiosha, hakuna mtu mwenye akili timamu angekupa laki kwa hii. Wengi wanazo.”

Kisha akaanza kupekua mkebe taratibu. Akatoa senti kumi yenye tundu, akanipa lenzi, akaniambia nisome maandishi ya ukingoni. Nikasoma: EDWARDVS VIII. Mwaka: 1936.

Kama huna habari, Edward wa Nane alikuwa mfalme wa Uingereza kuanzia Januari hadi Desemba 1936. Hakuwahi hata kuvishwa taji. Aliachilia kiti ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke Mmarekani ambaye ndoa zake za awali zilikuwa zimevunjika. Kule kwao Uingereza, muda haukutosha kuingiza sarafu zenye sura yake katika matumizi ya kila siku. Lakini za kwetu zenye tundu hazikuhitaji sura, zilihitaji jina tu, kwa hivyo zilitengenezwa mapema na kusafirishwa.

Fikiria hilo. Mwingereza wa kawaida hakuwahi kulipia mkate kwa sarafu yenye jina la mfalme huyo. Shosho wangu, ambaye sidhani aliwahi kusikia habari zake, alikuwa nayo kwenye mkebe wa mafuta.

“Ni bei gani?” nikauliza, maana njaa haina adabu.

Mzee akatabasamu. “Si nyingi. Zilitengenezwa kwa mamilioni.” Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo limenikaa kooni hadi leo: “Nyanya yako aliipata wapi?”

Sikujua. Nilikaa naye miaka kumi na zaidi tukihesabu sarafu kitandani, na sikuwahi kumwuliza. Labda ilikuwa mshahara wa kwanza wa babu. Labda ilikuwa chenji ya sokoni. Sasa hakuna wa kuniambia.

Mimi nikamgeuzia swali: alianzaje? Akasema alikuwa Darasa la Tatu, mjomba wake baharia alimletea sarafu moja kutoka nje, akamwambia aitunze. Tangu hapo nimewauliza wakusanyaji wengine, na majibu yanafanana. Kulikuwa na mtoto, kulikuwa na mtu mzima aliyempa sarafu moja, na mtu huyo hakuahidi utajiri.

Nadhani ndiyo maana uraibu huu hudumu hadi uzeeni. Aliyeanza akitafuta faida huacha mara tu soko linapokuwa baya. Aliyeanza kwa sababu shosho alisema “leta” huendelea kuleta hata shosho asipokuwepo.

Na wala si mchezo wa watu wasio na kazi. Mwaka 1944, mwanajeshi wa Australia kwa jina Maurie Isenberg aliokota sarafu chache kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Hakujua ni za nini, akaziweka tu. Mwaka 1979 alipozituma zichunguzwe, tano kati yake ziligundulika kuwa za masultani wa Kilwa, huku kwetu pwani ya Afrika Mashariki. Hadi leo wanahistoria wanabishana zilifikaje huko. Kama angezitupa, hakungekuwa na swali la kubishania.

Hapa Kenya pia, 2013 watafiti walitangaza kupata kisiwani Manda, Lamu, sarafu ya Uchina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Kipande kidogo cha chuma chenye tundu, na kinatuambia biashara ya pwani yetu ilifika wapi.

Mbona naandika haya sasa? Kwa sababu sarafu zinatoka mikononi mwetu. Tangu M-Pesa ianze 2007, pesa imekuwa ujumbe kwenye simu. Ndizi unalipa kwa simu, matatu kwa simu, sadaka kwa simu. Ni rahisi, na mimi mwenyewe siwezi kurudi nyuma. Lakini majuzi nilimpa mpwa wangu wa miaka sita mbao ya sarafu, akaniuliza, “Hii ni ya nini?”

Mtoto huyo hatawahi kutumwa dukani akarudi akisoma chenji. Asipopewa sarafu na mtu, hataanza kamwe. Na mimi na wewe ndio watu wazima wa zamu hii.

Kwa hivyo, vijana wenzangu, kabla hujauza au kutupa mkebe wa nyanya au babu, nina maombi machache.

Kwanza, mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi. Ukiombwa ada ya usajili, ya cheti au ya ushuru kabla ya kuuza, huyo ni tapeli, hata awe na picha ya ofisi nzuri namna gani. Bei ya sarafu hutegemea zilitengenezwa ngapi, iko katika hali gani, na nani anaitafuta. Uzee peke yake haufanyi kitu kiwe ghali.

Pili, usisugue. Hakuna ndimu, jivu, dawa ya meno wala waya. Shika sarafu kwa ukingo, iweke pahali pakavu, na uifunge peke yake kwenye karatasi ili zisigongane. Uchafu wa miaka 80 una heshima kuliko mng’ao wako wa jioni moja.

Tatu, na hili ndilo la maana zaidi, uliza ukiwa bado una wa kuuliza. Wikendi hii ukienda ushago, au ukimpigia shosho simu, mwulize zile sarafu alizipata wapi, alinunua nini kwa sumuni, alilipwa ngapi kazi yake ya kwanza. Andika jibu kwenye kijikaratasi na ukiweke pamoja na sarafu yenyewe. Sarafu unaweza kuipata kwa mwingine. Jibu la shosho wako hulipati kwa yeyote.

Nne, mwanzishe mtoto mmoja. Katiba ya 2010 ilikataza pesa zetu kuwa na picha ya mtu yeyote, kwa hivyo sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye kobole, simba kwenye ashu, ndovu kwenye mbao. Zote nne zikijumlishwa ni Sh36. Sahani ya chipsi haipatikani kwa bei hiyo.

Mimi nilizitafuta zote nne nikampa mpwa wangu kwenye mkebe mdogo. Nilimwandikia karatasi yenye jina langu, tarehe na mahali nilipozipata, ndiyo asije akaulizwa swali la yule mzee akakosa jibu. Sikumwambia zitamtajirisha.

Nilimwambia akipata nyingine ambayo haiko humo, alete.