Tatizo Liko kwa Sufuria

Foleni ya kliniki ilikula asubuhi nzima, ushauri ukachukua dakika mbili. "Mama, wacha sukari," daktari alisema bila kuinua macho, kisha akaita mgonjwa mwingine. Tukapanda matatu kurudi nyumbani. Tulipofika tukapata mama mdogo amekuja kutujulia hali, na kama mtu mwenye heshima zake alikuwa ameshapika chai. Chai ya kwetu unaijua: maji, maziwa, majani na sukari, vyote ndani ya sufuria moja, vinachemka hadi vipande. Sasa hapo Mama aache sukari gani? Aichuje na kichungi?

Nimeanzia hapo kwa sababu nimechoka na neno "jikaze". Ukisema kuacha sukari ni ngumu, kuna mtu atakwambia ni nidhamu tu. Yeye aliacha Januari, ngozi ikang'aa, na leo anakunywa maji ya limau akila parachichi na korosho. Hongera kwake. Lakini huyo hakuacha sukari peke yake. Alisaidiwa na mshahara, na jikoni ambako hakuna mwingine anayepika.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Kila mtu aliyekuwa na karo aliniambia nijikaze. Kwa hivyo nikisikia neno hilo najua kinachokuja: mtu ataachiwa peke yake shida iliyoletwa na wengi, halafu akishindwa, aibu itakuwa yake.

Hebu tupige hesabu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula, na likasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai kwa siku nzima. Kikombe cha kwetu kina vijiko 3. Vikombe vitatu, tayari 9. Ukiongeza soda ya kola ya nusu lita, umetia gramu 50 na kitu juu yake, kama vijiko 13. Na hatujagusa mandazi.

Usidhani watu ni wajinga. Mtu wa mjengo anayekunywa strungi yenye sukari mpaka kijiko kinasimama, na KDF mbili kando, anajua anachofanya. Ananunua nguvu ya kubeba mawe hadi jioni kwa pesa aliyo nayo. Sidney Mintz, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alieleza jinsi sukari ilivyotoka kwa meza za matajiri wa Uingereza ikawa chakula cha wafanyakazi wa viwandani, huku miwa ikilimwa na Waafrika waliofanywa watumwa kule Karibi. Chai tamu ilimpa mfanyakazi nguvu ya haraka kwa bei ndogo. Nasi Waingereza wakatuletea kikombe hicho hicho, na kufikia 1922 kiwanda cha Miwani kilikuwa kinasaga miwa karibu na Kisumu. Bei ilipopita shilingi 200 kwa kilo mwaka 2023, nyumbani kwetu tulipunguza nyama. Sukari ilibaki.

Ilibaki kwa sababu pia ni heshima. Mpe mgeni chai bila sukari uone. Atauliza kwa upole kama mambo ni magumu, kisha aende kukutangaza.

Kitu kama hicho, kinachoshikwa na historia, umaskini na adabu kwa pamoja, mtu mmoja atakishinda kwa kujikaza?

Ndiyo maana natetea vikundi, lakini si vikundi vyote. Nilijiunga na kimoja cha siku 30 bila sukari. Kila mlo ulipigwa picha, na ukiteleza ulitolewa. Siku ya tisa nilikiri mandazi moja. Kufikia jioni nilikuwa nje. Hiyo ilikuwa mahakama, na bado ilikuwa "jikaze" ile ile, sasa mbele ya mashahidi.

Kilichomsaidia Mama ni chama chake, wanawake sita wa merry-go-round. Jumapili moja aliwaambia anaugua sukari. Kimya. Kisha mmoja akasema hata yeye anayo, mwaka wa nne sasa, na hajawahi kumwambia mtu. Miaka minne alikuwa akinywa chai yao ili asionekane anaringa!

Hawakuapa kiapo. Walibadilisha sufuria. Chai inachemshwa bila sukari, bakuli linakaa mezani, anayetaka anajiwekea. Pesa ya soda inaingia kwa mkebe, na mkebe unanunua vijikaratasi vya kupimia sukari, ambavyo si bei rahisi. Glukosi haikosi kwa mkoba wa mmoja wao, maana mtu anayetumia dawa hizi sukari yake inaweza kushuka ghafla, na hapo kitu kitamu ndicho kinaokoa maisha. Watu wa "hata chembe isiguse nyumba" hawafikirii hilo.

Anayeteleza hasutwi. Anaulizwa: ni wapi pagumu? Mama alisema matangani, kwa sababu pale huwezi kukataa chai ya mfiwa. Sasa wakienda matanga wanaenda pamoja, na chupa yao ya strungi isiyo na kitu. Mtu mmoja akikataa chai, ana madharau. Sita wakikataa, huo ni utaratibu wao.

Najua kuna atakayesema kila mtu abebe mzigo wake. Sawa, lakini mzigo huu nani aliutia sukari? Pia sidai kwamba kikundi kinaponya. Mama bado anameza dawa, bado anapimiwa ugali. Ila haishi tena kama mshtakiwa ndani ya nyumba yake.

Kwa hivyo, kabla hujamwambia mtu ajikaze, pika chai bila sukari. Weka bakuli mezani, unyamaze. Mama mdogo alikuja mwezi uliopita, akaonja, akakunja uso: "Hii ni chai ama dawa?" Akavuta bakuli, akatia vijiko viwili. Hakuna aliyemwambia neno.

Zamani alikuwa anatia vinne.