Deki Iliyozima Si Maiti

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini katika jambo hili naona wengi wetu tunatazama wala hatuoni. Hapa mjini Garissa, deki ya video ikizima, hukumu ni moja tu: "Imechomwa na stima. Tupeni." Mimi naipinga hukumu hiyo, maana mara nyingi hutolewa hata kabla ya kifuniko kufunguliwa.

Najua kuna watakaocheka. Ati deki? Siku hizi? Kwani huyu msichana anaishi miaka ya tisini? Hebu ngojeni kidogo. Nendeni mkapekue kabati za nyumbani. Mtakuta kaseti za VHS zimefungwa kwa leso: harusi za mama zetu, ndugu waliohamia ng'ambo wakituma salamu, watoto ambao leo ni wazee wa mtaa. Tena kaseti ya harusi, upande wa wanawake, si kitu cha kumpa mtu baki. Mle ndani watu wamevua buibui, wanacheza, wanacheka, nywele nje. Ayeyo wangu, yaani nyanya, amekataa katakata kanda yake isafirishwe Nairobi, kilomita kama 370, ikatazamwe na vijana wa duka ati wanaihamishia kwa kompyuta. Na wallahi ana haki. Kanda hiyo itaonekana tu ikiwa deki iliyo nyumbani itaamka.

Deki nyingine mpya haipo. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kuziunda, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Hapa kwetu nyingi zilitupwa mwaka 2015, matangazo ya televisheni yalipohamia dijitali, kana kwamba kazi ya deki ilikuwa kunasa mawimbi tu. Kumbe kucheza kaseti hakuhitaji antena yoyote! Basi kila deki inayouzwa kwa wanunuzi wa vyuma haina mrithi.

Sasa tuingie ndani ya deki yenyewe. Sehemu inayopokea umeme mafundi huiita pawasaplai, nami nitaiita hivyo hivyo. Inachukua volti 240 za ukutani, inazigeuza kuwa umeme wa upande mmoja kama wa betri, wa volti karibu 340, kisha inaukatakata upesi upesi na kuupunguza. Katika deki nyingi zinatoka volti 5 za kulisha ubongo wake na volti 12 hivi za mota. Pawasaplai ikigoma, deki nzima hulala, hata kama kichwa, mota na mkanda ni vizima kabisa. Ndiyo maana nasema kuzima si kufa.

Deki ya nyumbani kwetu ilizima usiku mmoja stima ilipopotea na kurudi. Fundi mmoja wa sokoni, ambaye simtaji, aliitazama kwa juu juu akasema umeme ulipanda ukaichoma, akatupa bei ya vyuma chakavu. Mama akairudisha nyumbani. Baadaye mwalimu wetu mmoja alikubali tuifungue katika maabara. Jambo la kwanza tulilotazama lilikuwa fyuzi, na fyuzi ilikuwa nzima, kioo chake cheupe, uzi wake haujakatika. Hebu fikirini. Kama kungekuwa na shoti kubwa mle ndani, fyuzi ingepasuka, kioo kikawa cheusi au kikapakwa fedha. Fyuzi nzima ni shahidi, lakini yule fundi hakumwita shahidi huyo.

Ugonjwa ulikuwa katika kapasita moja ndogo, kimkebe kama punje ya mahindi, inayosaidia pawasaplai kuanza kazi. Na hapa ndipo penye siri ambayo ningependa kila mtu wa Garissa aijue. Kapasita hizi zina majimaji ndani, na joto huyakausha polepole. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likizidi kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Sasa chukua mji ambao jua la mchana hupita nyuzi 35, weka deki juu ya televisheni, ifunike kitambaa cha kudarizi ili ipendeze, kisha iache imechomeka ukutani mwaka baada ya mwaka. Mle ndani ni tanuri. Lakini kwa kuwa haizimwi kabisa, saa yake inawaka tu, hakuna anayejua kwamba kapasita ya kuanzia imekwisha zamani. Siku stima inapopotea, deki inapoa. Ikirudi, inatakiwa kuanza upya, na nguvu za kuanza haina. Sisi tunalaumu stima. Stima ilifichua tu maiti ya kapasita, haikuiua.

Wazee hutusimulia enzi za jenereta za dizeli, kabla mji wetu haujaunganishwa na gridi ya taifa. Leo tunajivunia kituo cha sola cha megawati 50 kilichozinduliwa Desemba 2019. Haya, tujivunie, lakini jua hilo hilo linalotupa stima ndilo linalokausha kapasita zetu. Dalili yake utaijua: deki inawaka mchana wa joto, asubuhi kukiwa na baridi inakataa. Kapasita iliyochoka hujikongoja ikipata joto. Dawa yake ni kuweka nyingine ya kipimo kile kile, lakini ile iliyoandikwa nyuzi 105 badala ya 85. Bei yake ni kama sambusa mbili tatu.

Dalili nyingine nizipitie haraka. Ikiwa saa inawaka kwa unyonge, au ndani kunalia tik tik tik, pawasaplai inajaribu na kushindwa; tazama kapasita za upande wa volti ndogo kama zimevimba kichwa, au kama kuna shoti mbele yake. Fyuzi ikiwa nyeusi, usibadilishe fyuzi peke yake, itapasuka tena. Pima kwanza dayodi na transista kubwa.

Linalonikera kuliko yote ni ile tabia ya kuondoa fyuzi na kuweka karatasi ya fedha ya sigara au uzi wa waya. Nimeiona kwa macho yangu ndani ya deki ya jirani. Huo si ufundi, ni kuwasha moto sebuleni kwa watu. Kama unataka kujua shoti ipo au haipo, weka balbu ya waya ya wati 60 mahali pa fyuzi. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, mambo si mabaya. Ikibaki inang'aa, shoti ipo, na balbu imezuia hasara.

Lakini nisije nikalaumiwa na wazazi. Ile kapasita kubwa hushika volti 340 hata baada ya waya kung'olewa ukutani, na zinaweza kuua. Mtu asifungue deki akiwa peke yake, wala bila mwalimu. Kwanza ichomoe, kisha umeme uliobaki utolewe kupitia rizista, kisha mita ihakikishe. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kuna wanaosema kazi hii si ya wasichana. Haya, basi waniambie nani ataketi na ile kanda ya ayeyo deki ikijaribiwa. Mvulana wa sokoni? Mimi naona kazi hii ni yetu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa Fizikia watupe meza moja ya maabara Jumamosi mchana, mita moja na balbu moja ya waya. Nawe uliye na deki iliyolala miaka kumi nyumbani, usiichomeke ukutani kujaribu bahati. Ilete ilivyo, na kaseti ya kujaribia iwe ya mpira au ya katuni. Ile ya harusi iache kabatini mpaka tumalize.